Hesabu Iliyoanza Katikati

Mvua za mwaka ule ziliwahi. Mimi, niliyefundishwa tangu utoto kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kila tone, nilijikuta nasimama mlangoni pa duka langu karibu na stesheni ya Kamina nikilitazama wingu kama mkulima anavyomtazama mbuzi wa jirani akielekea shambani kwake. Juu ya bati kulikuwa na paneli zangu za jua. Chini yake, katika chumba cha nyuma, kulikuwa na mjukuu wangu na kompyuta yake, na kompyuta ile haikutakiwa kuzimika.

Duka langu si kubwa. Babu zangu walifika huku kutoka Maniema kwa njia za biashara, wakiuza vitambaa na chumvi. Mimi nauza sabuni, mafuta ya kupikia na tochi, na miaka hii ya karibuni ninachaji simu. Wake wa askari hutoka Base, kambi ya jeshi, kwa pikipiki, huniachia simu zao wanapokwenda sokoni na kuzichukua wakirudi. Mke wangu ana friza yake pembeni, anauza maji ya baridi na samaki wa ziwa Kisale. Vyote hivyo vilikula jua lile lile moja.

Mjukuu wangu alikuwa akisoma fizikia Lubumbashi. Chuo kiliposimama kwa mgomo, alirudi kwa treni akiwa na kompyuta kubwa iliyofungwa ndani ya blanketi, ameikumbatia kama mama anayetoka hospitali ya uzazi. Mke wangu alipomwona akishuka alianza kumcheka palepale. Kwetu bibi na mjukuu wa kike hutaniana kama wake wenza, na mimi ndiye bwana wanayemgombania.

"Mbanda," mke wangu akamwambia, na kwetu mbanda ni mke mwenza, "benzako banarudiaka na bwana. Weye unarudia na kasha."

"Iko mutoto ya bwana yetu," mjukuu akajibu. "Na iko na njaa. Itakula kuran yako yote."

Kuran ni umeme, na kweli iliula umeme wetu, usiku na mchana.

Siku za kwanza nilikuwa naingia chumbani mwake kwa kisingizio cha kumpelekea chai, nisione kitu ila mistari ya tarakimu ikishuka kwenye kioo. Nilimwuliza anahesabu nini. Akanieleza kwa upole, kama ninavyowaeleza watoto wa madrasa herufi.

Kuna vitu, alisema, ambavyo si chuma cha kupitisha umeme wala si mpira wa kuuzuia. Viko katikati. Ndivyo vinavyofanya kazi ndani ya simu zote zilizopangwa kwenye meza yangu. Cha kwake kilikuwa oksidi ya zinki, ule unga mweupe ambao wafamasia huutia katika dawa ya kuwapaka watoto mapajani. Ukitoa punje chache za zinki ndani yake na mahali pake ukatia kobalti, ile ile inayochimbwa huku kusini kwetu, huenda unga ule ukawa sumaku. Na kama utakuwa sumaku bila kupoteza ile tabia yake ya katikati, siku moja watu wataweza kutengeneza mashine inayokumbuka kazi yake hata umeme ukikatika.

"Kwa Kamina hiyo ni neema," nilisema.

"Njo maana niliichagua, Nkambo," alisema. Nkambo ni babu, kwa Kiluba. Mama yake ni Mluba, naye hilo ndilo jina lililomkaa ulimini.

Hakuwa na unga wala kobalti. Alikuwa na hesabu tu. Ndani ya kompyuta alijenga kisanduku kidogo cha atomi, mbili kati yao zikiwa kobalti. Kila kobalti ina usumaku wake, kama mshale mdogo. Swali lilikuwa moja: mishale ile miwili inapenda kuelekea upande mmoja, au mmoja juu na mwingine chini? Ikikubaliana, unga ni sumaku. Ikipingana, nguvu zao zinauana na unga unabaki unga.

Nilimwambia kwamba ni kama watu wawili katika safu ya sala, mmoja ameelekea kibla na mwenzake amempa mgongo. Alicheka.

"Njo vile. Ila ku atomi hakuna imamu."

"Basi nani anazionyesha pa kuelekea?"

"Hakuna. Kila kintu kinatafuta kupumzika. Nahesabu nguvu yote ya sanduku kama mishale inakubaliana, nahesabu tena kama inapingana. Pale kwenye nguvu kidogo, njo pale zitakaa."

Nililibeba neno lile hadi msikitini. Kila kitu kinatafuta kupumzika. Mimi peke yangu sikupumzika. Katika rakaa ya pili nilisikia radi upande wa Luena na nia yangu ikatoka mbio hadi kwenye bati la duka, nikalazimika kuirudisha kwa nguvu kama mtoto aliyetoroka darasani.

Nieleze kilichonitia wasiwasi hivyo. Profesa aliyemsimamia alikuwa amemwambia kwamba kitivo kina nafasi ya msaidizi, yaani mwalimu mdogo anayefundisha huku akiendelea kusoma, na nafasi hiyo ataipata atakayetetea kazi yake katika kikao cha kwanza cha mitihani. Wasichana hawakuwa wengi katika orodha za wasaidizi, na kutoka ukoo wetu hajawahi kufika mtu yeyote, mwanamume wala mwanamke. Kazi ilitakiwa kutumwa kabla kikao hakijafungwa, na chuo kilishatangaza kwamba mgomo ukiisha kikao hakitasogezwa. Basi nilikuwa namwomba Mungu jua, na kila nikimaliza kuomba natoka nje kuangalia kama amejibu.

Hesabu ya kwanza, ile ya mishale inayokubaliana, ilitulia vizuri. Ya pili ilikutana na dhoruba. Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi, betri zikaisha nguvu kabla ya adhuhuri, na kompyuta ikalala na kazi yake mdomoni. Mjukuu hakulia. Jua liliporudi aliendelea pale alipokuwa amefikia, maana mashine ile huandika kila hatua katika faili. Baada ya siku kadhaa za namna hiyo, nayo ikatulia. Kukubaliana kulishinda kupingana kwa mbali.

Alimtumia profesa tarakimu zile. Sauti ya profesa ikaja kwenye simu, ya mzee mwenye furaha. "Mademoiselle, hongera sana. Hii iko sawa kabisa na ile ya mwenzako wa mwaka jana. Andika, usichelewe. Nafasi nakuwekea."

Mke wangu alichinja kuku. Nilisali rakaa mbili za shukrani, na usingizi wa mchana ule nikauona mtamu kuliko wa wiki zote zilizopita.

Kesho yake alikuwa anatengeneza picha za kuweka katika kitabu cha kazi yake. Mashine inaweza kuchora mishale ile kwa rangi, nyekundu kwa wa juu na buluu kwa wa chini. Nilikuwa kaunta nikimrudishia mama mmoja wa Base simu yake niliposikia kimya. Kompyuta ilikuwa inavuma kama kawaida. Kilichokoma ni mlio wa vidole vyake kwenye vitufe. Nilipoingia alikuwa amekaa na mikono mapajani.

"Angalia, Nkambo. Hii iko picha ya kupingana. Kobalti moja nyekundu, ingine inafaa kuwa buluu."

Niliangalia. Zote mbili zilikuwa nyekundu. Moja ilikuwa nyekundu ya pilipili, nyingine ilikuwa hafifu, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi.

"Haijageuka," nilisema.

"Haijageuka. Ilisimamia katikati."

Ndipo akanieleza kosa lake, na nilipolielewa niliona kwamba ni kosa ambalo mtu wa nchi yenye umeme asingelifanya. Hesabu kama ile huanza na kukisia. Mashine inakisia atomi zimekaaje, inahesabu, inajisahihisha, inahesabu tena, hadi isiwe na cha kusahihisha. Kuanza kwa kukisia tupu kunachukua muda mrefu, na muda ni betri. Kwa hiyo wanafunzi wa maabara yao, ambako umeme huja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, walikuwa na desturi. Hakuna aliyeanza patupu. Ulichukua faili la hesabu iliyokwisha tulia, la kwako au la mwenzako, ukaanzia hapo, kama wanawake wa kijiji wanavyochukua kaa la moto kwa jirani badala ya kupoteza njiti ya kiberiti. Yeye naye alianzisha hesabu ya kupingana kutoka faili la kukubaliana. Mishale ilikuwa imekwisha zoea upande mmoja. Alipouamuru mmoja ugeuke, uligeuka nusu, ukanasa mahali pasipo raha, na mashine ikadhani imefika. Ndiyo maana kupingana kulionekana kuwa na nguvu kubwa. Ile haikuwa kupingana hata kidogo. Ilikuwa kobalti moja imekunjwa shingo.

"Na huyo mwenzako wa mwaka jana?" niliuliza.

"Yeye njo alitufundisha kuchukua faili."

Mchana ule mke wangu aliona hatuli, akataka aelezwe. Alielezwa. Akaweka bakuli chini.

"Profesa alisema muzuri?"

"Alisema."

"Nafasi iko yako?"

"Alisema ataniwekea."

"Basi tuma. Nani atatoka Lubumbashi kuja kuangalia rangi ya kobalti yako? Kobalti yenyewe haiko hata humu nyumbani."

"Minyi nimeiona, Mbanda."

"Umeona. Funga macho. Mbanda, bantu banaficha bintu bikubwa kuliko hiyo na banalala usingizi."

"Balale," mjukuu alisema. "Minyi sitalala."

Mke wangu alinigeukia. "Muzee, sema. Weye njo muntu ya dini."

Nilikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa yanavutana. Ninajua aya za ushahidi, nimezifundisha. Ninajua pia sura ya binti huyu alipokuwa anasikiliza sauti ya profesa. Nilichoweza kusema ni hiki: "Kuanza upya kunataka jua la namna gani?"

"Yote," alisema. "Na haitatosha sana."

Mke wangu aliinuka, akatoa vyombo, akarudi. Hakuwa mtu wa kushindwa kwa hoja moja.

"Kama munataka kuharibu, muharibu muzuri. Musikiti iko na betri kubwa kuliko zetu. Weye njo unashika funguo."

"Ile iko wakfu."

"Mungu anakatala fizikia?"

"Hakatai. Mwenye kuitoa aliitoa kwa taa na adhana. Siyo yangu kuitolea njia ingine."

"Hata kwa mutoto ya nyumba yako?"

"Hapo ndiyo siwezi kabisa."

Alinitazama, kisha akaenda kwenye friza yake, akachomoa waya. Alitoa samaki, akawatia chumvi, akawapanga kwenye kichanja nje. Mifuko ya maji aliwapa watoto wa mtaa, nao wakashangaa siku nzima. Mimi nilitoa simu zote mezani na kuandika mlangoni kwa chaki kwamba hatuchaji mpaka tutakapotangaza.

Wake wa askari hawakufurahi. Mmoja, mcheshi ninayemfahamu miaka mingi, alisimama akasoma ile chaki kwa sauti.

"Papa Hadji, jua yako imeisha?"

"Iko. Inafanya kazi ingine."

"Kazi gani?"

"Inageuza kobalti."

Aliwaambia wenzake kwamba mzee ameanza uchimbaji wa madini ndani ya nyumba, na kwa siku kadhaa watu walichungulia dukani wakitafuta shimo.

Hesabu mpya ilianzia patupu. Mshale mmoja aliuweka juu na mwingine chini tangu mwanzo, kabla ya kitu chochote. Kwa siku mbili za mwanzo niliona jambo ambalo sikuliona zile mara nyingine. Tarakimu hazikushuka tu. Zilishuka, zikapanda, zikashuka zaidi, zikapanda zaidi, kama mgonjwa wa homa kitandani. Nilikuwa nakwenda na kurudi kati ya kaunta na chumba cha nyuma hadi mke wangu akasema nitatoboa saruji. Nilipotoka niliangalia mbingu, nilipoingia niliangalia kioo, na sikujua kipi kati ya viwili kilinitesa zaidi.

"Ina ugonjwa gani?" nilimwuliza.

"Inajisahihisha sana. Ikiona imekosea, inarukia ngambo ingine, inakosea kule, inarudi. Inafaa niipunguze. Kila hatua ichukue kipya kidogo, ishike ya zamani mingi."

"Itachelewa."

"Itachelewa."

Aliisimamisha, akabadilisha tarakimu moja ndogo, akaiacha iendelee. Kutoka hapo ilishuka polepole mno, kiasi kwamba ukitazama kwa muda mfupi ungesema imekufa. Watu wananiita mvumilivu. Nimengoja treni zilizochelewa kupita kiasi, nimengoja wana waliokwenda migodini, na nimezoea kusema Alhamdulillahi kabla sijajua ni kwa lipi. Lakini uvumilivu ule wote ulikuwa wa kukaa na kungoja. Huu ulikuwa wa kukaa huku siku za kikao zikipita dirishani, na nilipofungua msahafu nilisoma mstari mmoja mara kadhaa bila kuumaliza.

Jua lilikuwa linatoka na kujificha. Nilipanda juu ya bati kwa ngazi na kitambaa kufuta vumbi na majani kwenye paneli, ingawa mvua ilikuwa imekwisha ziosha. Mjukuu alisimama chini akishika ngazi.

"Nkambo, shuka. Zinang'aa."

"Pembeni hapa kuna doa."

"Iko kivuli yako."

Nilishuka.

Siku ya mwisho ya kutuma kazi ilifika hesabu ikiwa bado inatembea. Profesa alipiga simu asubuhi. Mjukuu alikuwa amemwandikia ukweli wote wiki ile ile alipoona picha, pamoja na lile la faili walilokuwa wakipeana, na ujumbe ule ulisomwa bila kujibiwa. Sasa aliweka simu kwenye sauti kubwa, nadhani ili asiwe peke yake.

"Umemaliza?"

"Bado, Profesa."

"Leo ninafunga orodha."

"Najua, Profesa."

"Ninayo hesabu yako ya kwanza hapa. Ningeweza kuipokea." Sauti haikuwa ya hila. Ilikuwa ya mtu aliyechoka, anayempenda mwanafunzi wake. "Unaelewa ninachokuambia?"

Mke wangu alikuwa mlangoni na ungo mkononi. Mimi nilikuwa nimeshika tasbihi na sikuwa nahesabu kitu. Mjukuu wangu alitazama kioo, si sisi.

"Naelewa, Profesa. Ile ya kwanza si kweli. Naomba uitoe."

"Nafasi sitaweza kuishika," profesa alisema. "Utatetea kikao cha pili. Na hii ya mwenzako wa mwaka jana... tutaiangalia." Akakata.

Mke wangu alirudi jikoni na nikasikia ungo ukipepeta kwa nguvu kuliko mahindi yalivyohitaji.

Hesabu ilitulia baada ya siku chache, mchana, jua likiwaka bila wingu hata moja, jua ambalo ningelilipia chochote wiki iliyotangulia. Aliniita. Katika picha kobalti moja ilikuwa nyekundu iliyokolea na nyingine buluu iliyokolea, safi zote mbili. Akalinganisha nguvu. Nguvu ya kupingana ilikuwa chini kuliko ya kukubaliana. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa upande ule.

"Basi si sumaku," nilisema.

"Zikikaa karibu hivi, hapana." Alizungusha picha kwa kidole, akaitazama kutoka juu, akaitazama kutoka ubavuni. "Unasikitika, Nkambo?"

"Nasikitika."

"Minyi pia."

Nilimwambia kwamba nilikuwa nimemwomba Mungu ampe nafasi ile, na kwamba nilimwomba kwa maneno yaliyo wazi, si kwa mafumbo. Aliniuliza sasa nitamwambia nini. Nikasema nitamshukuru kwanza, kama nilivyozoea, kisha nitamweleza kwamba bado sijaelewa. Aliona hilo ni jibu la haki.

Mke wangu aliingia kuuliza kama waya wa friza unaweza kurudi sasa. Mjukuu wangu alimtazama kama mtu anayetaka kukopa kitu.

"Mbanda, ungoje kidogo. Hizi zilikuwa jirani. Nataka kuzitenganisha, moja kona hii, ingine kona ile, nione kama zikiwa mbali zinasikilizana."

"Inafaa kuanza upya?"

"Patupu kabisa."

Mke wangu alivuta kiti, akakaa karibu na kompyuta kwa mara ya kwanza tangu ije nyumbani kwetu, akakunja mikono. "Basi nionyeshe ile yenye kupinga," alisema. "Nataka niione vizuri."